Falme za Kale Dhidi ya Machozi ya Rukia

Jumamosi, 5 Julai 1952

Nimetukanwa. Hadharani. Tena na watu waliolala, na hilo ndilo linaloniunguza zaidi.

Alasiri nilikaa kwenye kiti cha msomaji pale Welfea, ukumbi wa jamii wa mji wetu, kama kila Jumamosi. Wasiojua kusoma wanakuja, mimi ninayejua nawasomea. Ndiyo kazi ya kiti kile, na tangu kilipowekwa hakijakaliwa na mwingine. Nikafungua Falme za Kale na Kuanguka Kwake, Juzuu ya Kwanza, kitabu nilichotuzwa na mapadre nilipomaliza shule. Jalada gumu, uzito wa tofali. Kitabu bora kuliko vyote nilivyowahi kushika. Nikaanza sura ya kwanza. Huwa naanza sura ya kwanza kila wiki, maana hakosekani mgeni ambaye wiki iliyopita hakuwapo, na mtu humwingizi kwenye falme katikati.

Walilala! Mpagazi wa stesheni alikoroma. Muuza kahawa aliondoka na birika lake kabla sijamfikia mfalme wa pili. Nilipofunga kitabu, Mzee Pazi, mwenyekiti wetu, mwenye duka la vitambaa, akasimama akasema kwa upole kwamba yapo malalamiko. Upole wake unauma kuliko matusi. Wapo wanaoomba kiti apewe Salehe.

Salehe! Fundi cherehani! Anayesoma barazani kwake huku mguu unaendelea kukanyaga mashine! Na anasoma nini? Machozi ya Rukia. Kijitabu cha karatasi laini, jaladani mwanamke analia. Mapenzi matupu.

Imeamuliwa kwamba Jumamosi ya tarehe 19 tutasoma sote wawili na watu watachagua. Nikauliza kama waliolala nao wana haki ya kuchagua. Mzee Pazi akajibu kwamba hao ndio hasa anaotaka kuwauliza.

Nimefika nyumbani nikamweleza mke wangu Scholastika, nikitegemea atakasirika pamoja nami. Akauliza kama Salehe ameshafika pale barua inapofichwa. Kumbe na yeye huenda! Akitoka sokoni! Mke wangu! Amejitetea kwamba huwa anakaa nyuma kabisa, haonekani.

Sijala. Yaani nimekula, lakini kwa hasira.

Jumapili, 6 Julai

Baada ya Misa nilimvizia Katekista Yakobo mlangoni mwa kanisa. Mpango wangu ni rahisi. Katekista akikemea Machozi ya Rukia, nusu ya wasikilizaji wa Salehe wataogopa kukisikiliza. Nusu nyingine ni Waislamu, hao nitawafikiria baadaye.

Nikamweleza kwa uchungu jinsi kijitabu kile kinavyoharibu mji. Akasikiliza. Akauliza nimekisoma? Nikamjibu kwamba sijakisoma na sitakisoma. Akasema basi yeye hawezi kukemea kitabu cha kusimuliwa. Nikisome kwanza, nimpelekee makosa yake.

Mtu wa kanisa ananituma nikasome upuuzi! Hata hivyo anayetaka kumshtaki mwizi lazima aseme kilichoibwa. Nitakisoma, kwa ajili ya mji.

Jumatatu, 7 Julai

Nilichana suruali yangu nzima, mfukoni, kidogo tu, nipate sababu ya kwenda kwa Salehe. Nilipanga kuzunguka maneno taratibu mpaka nikifikie kitabu bila yeye kushtuka.

Kabla sijazunguka popote, akanipa! Akakitoa chini ya vitambaa akasema nikae nacho hadi tarehe 19, atafurahi msomi kama mimi akikipitia, maana kuna maneno yanamtatiza ulimi. Akatabasamu. Huyu mtu hajui hata kwamba tuna ugomvi. Ni dharau iliyoje, kushindana na mtu asiyekuchukia!

Suruali amesema niifuate Jumatano. Kitabu kinanuka mafuta ya cherehani.

Jumanne, 8 Julai

Makosa ni mengi kama nilivyotarajia. Rukia anaanza kulia ukurasa wa kwanza, hata hatujaambiwa ana nini. Haraka ya nini? Halafu mchumba wake, Hamduni, eti karani wa reli, lakini haonyeshwi akifanya kazi hata siku moja. Mimi ni karani wa mizani pale sokoni, najua kazi ya ukarani ilivyo. Kisha shangazi wa Rukia, Bi Tatu, anataka kumwoza kwa tajiri wa nazi mwenye meno ya dhahabu. Hili si kosa la mwandishi, hili ni kosa la Bi Tatu. Mwanamke mbaya sana. Hamduni anapelekwa vitani Burma, anaandika barua, na Bi Tatu anaipokea yeye. Anaificha ndani ya mtungi wa unga!

Nimepiga meza. Scholastika akauliza kuna nini. Nikamwambia nzi.

Macho yananiwasha. Ni moshi wa kuni. Leo tumepikia mkaa, lakini mkaa nao una moshi wake.

Alhamisi, 10 Julai

Nimegundua kwamba Machozi ya Rukia kinaingia sawasawa ndani ya Falme za Kale. Anayepita anaona jalada la falme. Ninayesoma naona mtungi wa unga. Leo sokoni watu wawili wamenisifu kwamba siachi elimu hata nikiwa kazini.

Aliyeharibu ni mama mmoja wa Mgeta mwenye kabichi. Alipandisha tenga lake kwenye mizani wakati Rukia anasonga ugali, na ule unga unakaribia kwisha mtungini. Mtu ataangalia kabichi saa hiyo? Nikataja uzito wa juujuu. Yule mama akapaza sauti kwamba tenga lake limepimwa pamoja na goti la mteja aliyeliegemea, ushuru ukapanda, kisha akauliza kama siku hizi kabichi zinapimwa kwa kulia. Soko zima likageuka. Nikamwambia ni vitunguu. Akasema vitunguu viko upande wa pili.

Nikiwa bado nina hasira, mpango umenijia. Katekista wa nini? Kitabu kiko mikononi mwangu. Nikimaliza kukichunguza kitapotea. Nitamwambia Salehe kimeliwa na mchwa. Tarehe 19 atakuja na nini, na sindano? Kiti kitabaki changu bila kelele wala kura.

Ila sijamaliza. Nasoma polepole. Si kwamba sitaki kiishe. Uchunguzi hauharakishwi.

Jumapili, 13 Julai

Nimeghadhibika. Nitaandika kwa mpangilio.

Jana sikwenda Welfea, niliomba ruhusa. Hakuna aliyesikitika. Tulipanda Towelo, kijijini kwetu mlimani, mimi na Scholastika, kuondoa matanga ya mjomba Agustino, kaka wa mama yangu. Huyu ndiye aliyenisomesha, ndizi zake ndizo zilizonivika kaptura ya shule. Nilikwenda na Falme za Kale kwapani, ukoo uone kwamba ndizi zile hazikupotea bure. Ndani yake, bila shaka, kilikuwemo kile kingine. Nilikuwa nimebakiza sura chache, na nyumbani pana panya.

Nilisahau habari ya watani.

Ukoo wa Regina na ukoo wetu ni watani tangu mababu. Kwenye matanga uwanja ni wao. Wanawatukana wafiwa, wanamwiga marehemu, wanakwapua chochote wanachotaka. Ukitaka kitu chako unakikomboa kwa wanachokitaka. Ukinuna, umejiaibisha wewe na ukoo wako wote. Regina ni mama mtu mzima, mpana, mwenye sauti ya kufukuzia ngedere shambani. Alikuwa ameshaiga mwendo wa mjomba na fimbo yake mpaka hata mama yangu akacheka. Kisha akaniona mimi na kitabu.

Akakikwapua kwapani! Akasema marehemu alikuwa na mlango usiofunga vizuri, hiki kitafaa kuuzuia. Akakitikisa. Machozi ya Rukia kikadondoka katikati ya uwanja, jalada juu, yule mwanamke analia mbele ya ukoo mzima.

Walicheka. Ningevumilia. Regina akafungua na kuanza kusoma, maana alipita kidogo kwa masista. Hilo nalo ningevumilia. Lakini alivyosoma! Rukia ni mtu wa kunong'ona, Regina akamfanya apige ukelele. Hamduni akamfanya mlevi. Nikauma meno. Kisha akafungua kurasa mbili kwa pamoja, akaruka mtungi wa unga, akaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Nikasimama. Nikapiga kelele kwamba ameruka ukurasa! Tena ukurasa wenyewe! Kitabu chote kimejengwa juu ya ukurasa huo! Nikautamka, mwanzo hadi mwisho, kitabu kiko mkononi mwake na mimi nimesimama mikono mitupu.

Halafu kicheko kilichoinuka pale, nadhani kilisikika mjini.

Regina akafuta machozi ya kucheka, akatangaza kombozi lake. Hataki jogoo. Hataki pombe. Nikisome kitabu chote mpaka mwisho, pale pale, la sivyo anaondoka nacho. Ningefanya nini? Kununa ni aibu. Nikasoma. Na kwa kuwa nilikuwa na hasira sikusoma kama ninavyosoma Welfea. Bi Tatu nilimpa sauti ya puani. Tajiri wa nazi nikamsemesha kama mtu anayeogopa meno yake yatadondoka. Mwishoni Hamduni anarudi na mguu mmoja, amekonda, hatambuliki, amesimama gizani ukumbini, na Rukia anamtambua kwa kikohozi chake. Nilikohoa kikohozi kile. Sijui kilitoka wapi. Scholastika alificha uso kwenye khanga.

Hakulala mtu. Bibi zangu waliokuwa wamekaa na kaniki zao za msiba walimlilia Rukia, kisha wakamlilia mjomba, kisha wakasema tangu siku ya mazishi hawajalia vizuri namna hii. Na mimi nilimlilia mjomba. Hapo hapakuwa na moshi.

Regina akanirudishia kijitabu. Nikamwuliza nitakikomboa kwa nini kile kikubwa. Akasema hicho nichukue tu, hakuna mtu atakayekitaka.

Leo tumeshuka. Scholastika alibeba vitabu vyote viwili kichwani. Njiani akasema hakujua kwamba nina sauti ile. Miaka yote hii ya ndoa, hakujua. Akasema Jumamosi nikisoma vile atakuja akae mbele kabisa, na wanawake wenzake wa sokoni. Nilifurahi. Naandika hapa kwa sababu shajara hii naifungia kwenye sanduku. Nilifurahi sana.

Lakini nimekwapuliwa kitabu mbele ya ukoo! Mtu mwenye Falme za Kale!

Jumanne, 15 Julai

Nilikwenda kwa Salehe na habari ya mchwa. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi njia nzima, pamoja na masikitiko ya uso.

Regina alikuwa ameshatangulia! Jana alishuka sokoni na ndizi, na inaonekana hakuuza hata chane moja kabla ya kumaliza kusimulia. Sijafungua mdomo, Salehe akaniomba nimkoholee kikohozi cha Hamduni. Nikamwambia kwa huzuni kwamba kitabu kimeliwa na mchwa. Akauliza, mchwa? Huku anaangalia mfuko wa koti langu. Sikujua kwamba kijitabu kile huchungulia nje nikikaa.

Alinyamaza kiungwana, na uungwana wake ulinichoma kuliko ambavyo ngumi ingeniuma. Nikaona heri kukohoa kuliko kukaa kimya. Nikakohoa. Salehe akasimamisha mashine. Ni mara ya kwanza kuona mguu wake umetulia. Akasema kumbe siku zote yeye alikuwa anakikosea, na kitabu nikae nacho mpaka Jumamosi.

Hivi ndivyo watu wa hila wanavyofanya. Wanakubali kosa.

Jumatano, 16 Julai

Mzee Pazi aliniita dukani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akanipa kahawa. Nikajua kuna jambo.

Salehe amejitoa! Amemwambia mzee kwamba macho yake yamechoshwa na sindano, na kwamba tangu asikie kile kikohozi anatamani kukaa chini asikilize kama wengine. Kiti ni changu mwaka mzima. Mzee Pazi ana ombi moja tu, kwamba nisome kama nilivyosoma Towelo. Nikamjibu kwamba ni heshima kubwa kwangu. Nilichagua maneno. Sikusema nitasoma nini.

Yaani kiti nilichokipata kwa falme leo nipewe kwa Rukia? Watoto wangu waje waambiwe baba yenu alikuwa bingwa wa kukohoa? Sikubali! Nina mpango, na huu ni safi kuliko yote. Jumamosi Welfea itajaa kwa ajili ya Rukia. Waache wajae. Wakishakaa, nafungua Falme za Kale. Hawatainuka. Watu wa Morogoro wana adabu, hawampi kisogo mtu anayesoma. Watasikiliza kwa lazima, kisha watapenda. Hakuna aliyewahi kunisikiliza akiwa macho, ndiyo maana hawajui utamu wake.

Scholastika ameanika khanga yake mpya nje ipate hewa. Sijamwambia kitu.

Jumamosi, 19 Julai

Ilijaa! Wengine walikaa madirishani. Mpagazi wa stesheni alikuja amenawa uso. Muuza kahawa alizima jiko lake kwa heshima. Katekista Yakobo alikaa karibu na mlango, akaniambia yuko pale kwa uchunguzi. Regina alishuka Towelo na wenzake, kelele tupu. Salehe alikaa sakafuni, bila mashine, mikono magotini. Na mbele kabisa, na khanga mpya, Scholastika na wanawake wa sokoni. Yule mama wa Mgeta naye alikuwepo.

Nilikaa kitini. Nikafungua. Nikasoma: Sura ya Kwanza, Asili ya Ufalme wa Kwanza.

Wakacheka. Walidhani ni utani. Nikaendelea. Mpagazi akamwuliza jirani yake kama huyu mfalme ni ndugu wa yule tajiri wa nazi. Nikaendelea. Regina akapaza sauti kwamba nimeruka ukurasa, nimeruka kitabu kizima! Nikaendelea.

Adabu ya watu wa Morogoro si kama nilivyoidhania. Hawampi msomaji kisogo, ni kweli. Walitoka kinyumenyume. Mmoja alikumbuka mgonjwa. Mwingine alikumbuka mbuzi. Katekista Yakobo aliniinamia akasema uchunguzi wake umekamilika. Salehe alisubiri nifike mwisho wa aya, akaniomba kwa unyenyekevu kijitabu chake, na mimi nikakitoa mfukoni kwa mkono mmoja, bila kuacha kusoma.

Akabaki Scholastika. Peke yake, benchi la mbele. Akaniita Baba Theresia, kama anavyoniita tukiwa wawili tu, akasema nisome kile, hata kwa ajili yake tu. Nikamwambia avumilie, mfalme wa nne ndiye anayesisimua. Akasubiri mfalme wa nne. Alikufa mapema, wa nne. Akainuka, akajifunga khanga vizuri, akatoka.

Hilo liliniuma. Sitaandika zaidi juu ya hilo.

Kisha akarudi Mzee Pazi na wapagazi wawili. Kwa upole ule ule akaniomba niinuke kidogo. Nikainuka, nikidhani ameleta mto. Wakabeba kiti! Wakavuka nacho barabara mpaka barazani kwa Salehe! Nimemaliza sura nikiwa nimesimama, mbele ya mabenchi matupu, na kutoka ng'ambo nasikia mtu anakohoa vibaya.

Jumapili, 20 Julai

Sikwenda Misa ya kwanza. Nisingeweza kumtazama Katekista.

Scholastika jana alirudi macho mekundu, amefurahi, ananuka mafuta ya cherehani. Akanipakulia chakula. Akasema Salehe alijitahidi, lakini alipofika kwenye kikohozi watu wote waligeuka wakaangalia upande wa Welfea. Akasema Salehe mwenyewe alisimama akauliza kama karani bado yuko kule, aitwe, hata aje akohoe tu arudi zake. Akasema kiti kipo pale pale barazani na hakuna aliyethubutu kukikalia, Salehe alisomea kwenye kigoda. Kisha akaniongezea mchuzi, kama anayesubiri nijibu kitu.

Nilikuwa nafikiri. Nimefikiri usiku kucha na leo asubuhi yote, kwa haki, bila kujipendelea, maana msomi lazima akubali kosa lake akiliona. Na nimeliona! Liko wazi, nashangaa sikuliona mapema. Niliwatumbukiza wale watu kwenye sura ya kwanza ghafla, bila kuandaliwa. Ndiyo maana walikimbia.

Nilipaswa kuanza na dibaji.